Bakuli Halirudi Tupu: Maisha ya Mwalimu Mwanahawa Tamimu Mketo

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh wetu, wazee wetu, mama zetu mlioko ndani na mlioko uani, walimu, jirani, na wageni mliovuka mto alfajiri hii, kabla jeneza halijanyanyuliwa kwenda msikitini familia inaomba mkae kidogo na Mwalimu Mwanahawa kwa mara ya mwisho, kwa sababu yeye maisha yake yote aliwakalisha watu akawauliza habari zao, na ni wachache sana waliowahi kumkalisha yeye wakamuuliza zake.

Marehemu Mwanahawa Tamimu Mketo alizaliwa tarehe 3 Mei 1966 katika kijiji cha Kiongoroni, kwenye visiwa vya delta, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Tamimu Mketo, mkata mikoko, na Bi Mwanamkuu, ambaye naye aliingia mikokoni na shoka lake kama mwanamume, wote wawili wametangulia mbele ya haki. Alizaliwa maji yakiwa yamejaa, mkunga aliletwa kwa mtumbwi hadi kizingitini, na mama yake alipenda kumtania kwamba ndiyo maana hawezi kukaa mahali pamoja, amekuja na maji na anataka kuondoka na maji.

Alianza shule ya msingi kijijini hapo mwaka 1974 na kumaliza darasa la saba mwaka 1980, akiwa msichana pekee wa darasa lake aliyechaguliwa kuendelea, na mwezi Januari 1981 aliondoka kisiwani na sanduku la bati kwenda kusoma sekondari Dar es Salaam, akakaa kwa baba yake mdogo hadi alipomaliza kidato cha nne mwaka 1984. Aliondoka kabla hajafikia umri wa kukaa na watu wazima wakati wa visa, na jambo hilo, ambalo siku ile halikuonekana kuwa na uzito wowote, lilikuja kumgharimu baadaye, kama mtakavyosikia.

Mwaka 1985 alijiunga na chuo cha ualimu huko Mtwara, na ilikuwa katika safari ya likizo, mwezi Aprili 1986, alipokwama Ndundu pamoja na malori ya korosho na abiria wengi, kwa kuwa mto ulikuwa umefura na pantoni, injini yake ikisumbua, halikuweza kuvuka. Wakati huo hapakuwa na daraja, mtu alingoja mpaka Mungu na mto wapatane. Katika kungoja huko mzee mmoja muuza vitambaa alianza kutamba kisa, na kila mara fundi wa pantoni alipojaribu injini mzee alinyamaza, injini ikikataa alianza tena pale pale alipoachia, na Mwanahawa, wakati wenzake wote walikuwa wakimsihi mzee awaambie kisa kimeishaje, yeye alimsogelea akamuuliza alikipata kwa nani. Mzee akacheka, akasema, "Binti, watu wote huuliza mwisho, wewe waniuliza kimeanzia wapi? Utakuja kuwa hakimu wewe." Kijana mmoja aliyekuwa akifunga kamba za pantoni akadakia, "Dada, ukimaliza kumhoji mzee na mimi unihoji, nina visa vya kamba hivi havijapata msikilizaji." Kijana huyo ndiye Mzee Maneno Ngwande, aliyekaa hapa mbele yenu leo.

Alihitimu ualimu mwaka 1987 na kupangiwa shule hapa Bungu, na tarehe 19 Agosti 1988 alifunga ndoa na Bwana Maneno, ndoa iliyodumu hadi jana alfajiri. Mwenyezi Mungu aliwajaalia watoto watatu, Iddy aliyezaliwa mwaka 1990, Yasmin aliyezaliwa mwaka 1994 na Mudrick aliyezaliwa mwaka 1998, na tangu alipojifungua mtoto wa kwanza Mwalimu hapa kijijini aliitwa Mama Iddy, wapo jirani ambao wamelijua jina la Mwanahawa leo, kwenye tangazo la msiba.

Kama mwalimu alikuwa mkali wa imla. Wanafunzi wake, ambao wengine sasa wana wajukuu, wanakumbuka kwamba aliyeandika aliyosikia bila kupunguza wala kuongeza alipata alama zote, na aliyejitungia neno lake, hata likiwa zuri kuliko la Mwalimu, alipigiwa mstari. Aliamini kwamba neno la mtu ni amana, na amana hurudishwa kama ilivyo. Hakuna atakayesema imani hiyo ilikuwa mbaya.

Mwaka 2009 redio ya jamii ilipofunguliwa Kibiti walitafuta mtu wa kuendesha kipindi cha utamaduni, na Mwalimu, bila kuacha kufundisha, akaanza kipindi kilichoitwa Kisa Kimeanzia Wapi, kila Ijumaa baada ya alasiri. Alipanda pikipiki, alipanda mashua, alivua viatu akatembea tope la kupwa, akawafuata watambaji, watunzi wa nyimbo na waandishi wa upande huu wote, akawauliza kile walichokifanya walikifanyaje, nani aliwafundisha, wanaogopa nini wanapoanza, na siku kinapowakataa wanafanyaje. Alimhoji Bwana Kheri Mpendu, anayeandika riwaya fupi na kuziuza mwenyewe stendi katikati ya korosho na mayai ya kuchemsha, naye akamjibu hewani, "Mwalimu, mimi ninakula kwa wanaogombana. Mtaa ukipatana, nalala njaa." Alimhoji Bi Zena, mtunzi wa nyimbo za harusi, ambaye alieleza kwamba wimbo humjia akiwa anakuna nazi, akinawa mikono tu umeondoka, na alipoulizwa wimbo wake mashuhuri aliupata wapi akasema, "Nimeupata kwa mume wa kwanza, nikaumalizia kwa wa pili, na wewe usinichokoze nikamtaja wa tatu, anasikiliza redio huyo." Watu walisimamisha jembe kusikiliza.

Lakini ni Bi Zena huyo huyo aliyemrudishia swali siku ile, akamwambia, "Na wewe, Mwalimu, chako kiko wapi? Kila Ijumaa unakula kwetu, kwako hatujaonja hata siku moja." Mwalimu akacheka, akajibu neno ambalo familia tulilichukulia kuwa utani, akasema, "Mimi ni upawa, shoga yangu. Upawa unapakua, haupiki."

Mwaka 2011 alirudi Kiongoroni alikozaliwa, akamkuta Bi Zabibu Lwambo, mtambaji ambaye hata marehemu mama yake Mwalimu alimwogopa kidogo, na Bi Zabibu akampa kisa cha mke wa mkata mikoko. Tukisimulie kwa kifupi, maana bila hicho maisha ya Mwalimu hayaeleweki. Mume anaingia mikokoni wakati wa kupwa, maji yanajaa na njia inafungika nyuma yake, hatoki. Mke anamfuata. Kaa anamwonyesha njia kwa kumchukulia bangili yake, ndege mdiria anamwonyesha njia kwa kumchukulia jina lake, mamba anamvusha kwa kumchukulia sauti yake, na mwisho anafika kwenye uwazi katikati ya mikoko ambapo wote waliowahi kupotea wamekaa, wamempa mgongo. Hapo Bi Zabibu alinyamaza, kwa sababu kwa watambaji wa upande ule wa delta kisa hakitolewi chote kwa mara moja, mgeni hupewa mpaka mahali fulani, huenda nacho akaishi nacho, na akirudi hukitamba kwa kinywa chake mbele ya mwenyewe, na ndipo hupewa kilichobaki.

Mwalimu alirudi mwezi Septemba 2012. Watu walikuwa wamejaa uani, kinasa sauti kimewashwa, naye akakirudisha kisa chote, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, hata mahali Bi Zabibu alipokohoa na yeye alikohoa, na vijana wakapiga makofi. Bi Zabibu hakupiga. Akasema, "Umeliosha vizuri bakuli langu, mwanangu, linang'aa. Lakini jirani akikuletea mchuzi kwenye bakuli lake, wewe unamrudishia bakuli tupu?" Mwalimu hakuelewa. Akadhani ameacha neno, akaanza kurudia, na Bi Zabibu akainuka akaingia ndani.

Aliyemweleza ni shangazi yake, njiani kurudi mashuani, kwamba kisa cha kupewa hurudishwa na kitu chako ndani, hata kama ni punje, na kwamba kukirudisha kama kilivyo ni kumwambia mwenyewe kwamba umekipitisha nyumbani kwako na hakikukuta chochote. Jambo hilo kila mtoto aliyekulia kisiwani analijua, na Mwalimu angelijua kama asingeondoka na sanduku lake la bati akiwa na miaka kumi na minne. Alijaribu kulicheka. Lakini mumewe anasema tangu siku ile alianza kuuliza, si mara moja, akiwa anapepeta mchele au anasahihisha madaftari, "Baba Iddy, mimi nina nini cha kutia?" Na Mzee Maneno, ambaye si mtu wa maneno ingawa ndilo jina lake, alimjibu kwamba atie chumvi. Anasema leo angempa jibu jingine, lakini hata leo halijui.

Sasa tunafika mahali ambapo familia ilijadiliana kama pasomwe au pasisomwe, na Mzee Maneno, baba wa nyumba hii, akasema pasomwe.

Siku ya Alhamisi, tarehe 15 Juni 2017, ukiwa mwezi wa Ramadhani, katika ile miaka ambayo watu wa pande zetu walikuwa wakifunga milango mapema na hakuna aliyekaa barazani baada ya magharibi, Iddy Maneno, mtoto mkubwa wa marehemu, dereva wa pikipiki, aliondoka hapa nyumbani baada ya adhuhuri kupeleka abiria, akamwambia mama yake, "Mama, magimbi yangu uyatenge mapema, Mudrick asije akayamaliza, narudi kabla ya adhana." Mama yake akamjibu, "Nenda zako, tumbo limekutangulia." Adhana ikaadhiniwa, watu wakafuturu, Mama Iddy akatenga magimbi ya nazi kwenye sahani, akayafunika kwa kawa. Sahani hiyo haijaliwa na aliyetengewa mpaka leo. Pikipiki haikuonekana, abiria hakujulikana, simu iliita siku mbili kisha ikanyamaza. Familia ilikwenda kila mahali ambapo mtu huenda kuuliza, na palipokuwa na mlango iligonga, na haikupata jibu la yuko hai wala la hayupo. Hatujui kama alichukuliwa, hatujui na nani, na hatumnyooshei mtu kidole, kwa sababu asiyejua akinyoosha kidole humwonyesha asiyehusika.

Tangu jioni ile, kila jioni, Mwalimu alipakua sahani moja zaidi akaifunika. Asubuhi aliifunua, akampa paka au akampa mpita njia, akaiosha. Mumewe alijaribu kumwambia kwa upole, "Mama Iddy, anayenenepa ni paka." Akajibu, "Acha anenepe. Siku akikonda ujue mwenyewe karudi." Hakulia mbele za watu, hakuvaa kaniki ya msiba, hakukubali kisomo kisomwe, kwa sababu kisomo ni cha aliyekufa, na hakukubali watu waache kumtaja, kwa sababu asiyekufa hutajwa. Alikaa katikati ya hayo mawili, na katikati ya hayo mawili hapana kiti.

Kipindi chake aliendelea nacho hadi mwaka 2019, lakini waliokuwa wasikilizaji mtakumbuka kilivyobadilika. Yeye aliyekuwa akiuliza kisa kimeanzia wapi alianza kuwakatiza wageni wake katikati ya maelezo, akawauliza, "Alirudi? Huyo kijana kwenye kisa chako, mwishoni alirudi?" Bwana Kheri alimwambia hewani, kwa utani, "Mwalimu, siku hizi unaila ngano kwa mkiani," akangoja acheke, na redio ikawa kimya hadi fundi mitambo akaweka kaswida. Hakuna aliyemwondoa kipindini, alikiacha mwenyewe, akisema hana swali lililobaki ila moja, na hilo watambaji hawalijui.

Lakini alikuwa akimfikiria mtambaji mmoja. Mwezi Machi 2018, kabla hajakiacha kipindi, alivuka kwenda Kiongoroni, mvua ikinyesha, akapiga magoti mbele ya Bi Zabibu, yeye mtu mzima mwenye watoto watatu, akamwomba mwisho wa kile kisa, ampe tu, bila kurudisha chochote, kwa sababu alitaka kujua kama yule mwanamke alimpata mtu wake katikati ya wale waliompa mgongo. Bi Zabibu ndiye aliyelia. Akasema, "Siwezi kukunyima, na siwezi kukupa. Mwisho haupokelewi na mikono mitupu, utakuangukia ukuue. Tia kitu, Mwanahawa, hata ubovu wako, utie, nitakupa siku hiyo hiyo." Mwalimu akasema hana. Wapo kati yetu tuliomwona Bi Zabibu kuwa mkatili, na tulisema hivyo, marehemu mwenyewe hakusema, alisema kila mwenye mlango ana namna yake ya kuufungua.

Alistaafu ualimu kwa hiari mwezi Juni 2021. Mwezi Februari 2023 sauti ilianza kumkwaruza, sisi tukasema ni chaki za miaka thelathini, akanywa tangawizi, akanywa asali, na ilipofika Desemba hospitali moja ya Dar es Salaam ikatuambia ni saratani ya koo. Alipigwa mionzi mwaka 2024, mwaka ule ule mafuriko yalipomaliza mashamba ya bondeni na Bi Zabibu, ambaye umri umekwenda na masikio yamezibika, akahamishwa kutoka kisiwani kwenda kwa mjukuu wake Nyamwage. Tarehe 24 Septemba 2024 Mwalimu alifanyiwa upasuaji, na ili abaki hai ilibidi kisanduku cha sauti kiondolewe, akawa anapumua kwa tundu la shingoni, midomo inatamka na hakitoki kitu. Mwanawe Yasmin aliacha kazi yake ya saluni mjini, akarudi, akajifunza kuisoma midomo ya mama yake kama mtu anavyojifunza kusoma upya ukubwani. Jioni sahani iliendelea kufunikwa, na aliposhindwa kusimama jikoni akawa anaonyesha kwa kidole Yasmin aifunike.

Siku ya Jumamosi, tarehe 22 Novemba 2025, alimwambia Yasmin kwa midomo, "Nipeleke Nyamwage." Walivuka daraja la Mkapa kabla ya jua kali, na pale Ndundu aliomba gari lipunguze mwendo, akaangalia chini mahali pantoni lilipokuwa. Walimkuta Bi Zabibu amekaa mkekani nyuma ya nyumba, na Yasmin ndiye aliyetueleza yaliyotokea, nasi tunayasoma kama alivyotueleza. Mama yake alitamka, Yasmin akasoma midomo, akainama akapiga kelele sikioni kwa bibi, "Amekuja kurudisha kisa!" Bibi akasema, "Mchana? Kisa cha mchana humpoteza msafiri." Kisha akamtazama Mwalimu, shingo ile, tundu lile, akasema polepole, "Aliyepotea keshapotea. Haya, sema."

Wakaanza, mmoja hana sauti na mwingine hana masikio, na binti katikati anatoka jasho. Mume akaingia mikokoni, maji yakajaa. Hapo Mwalimu akatia neno ambalo halikuwamo. Alisema yule mwanamke, kabla hajaondoka kumfuata mumewe, alipika, akapakua sahani, akaifunika kwa kawa, akamwambia jirani yake, akija kwa njia nyingine mwambie ale. Yasmin aliiona midomo ikisema hivyo, akainua kichwa kutoka sikioni kwa bibi akamtazama mama yake, na Bi Zabibu akamgonga goti, "Mbona umenyamaza? Nani kakuziba? Sema!" Akasema. Wakaendelea. Kaa alipochukua bangili mwanamke alimwambia habari ya sahani, mdiria alipochukua jina alimwambia habari ya sahani, na mamba alipokuwa anataka sauti, neno la mwisho alilolisema kabla haijamtoka lilikuwa, chakula chake kitapoa. Wakafika kwenye uwazi, wamekaa wote waliopotea, wamempa mgongo, naye hana jina wala sauti ya kuita, ana jambo moja tu, kwamba nyumbani kuna sahani. Hapo Mwalimu akaishia, maana kisa alipewa mpaka hapo.

Bi Zabibu akasema, "Bakuli limerudi na kitu." Akamshika Mwalimu mkono, akaugeuza kiganja juu kama anayetaka kukitia kitu, kisha akaukunja tena. Akasema, "Lakini mwanangu, mwisho wangu haukai humu sasa. Wangu mimi, huyo mwanamke anaangalia migongo, anajua hatageuka mtu, anarudi nyumbani kwake anawasha moto mpya, anaishi. Kaweza kurudi kwa sababu hakuacha kitu. Wako kaacha sahani. Mwisho wangu nikimpa huyu nitakuwa nimemwambia akaimwage. Siwezi, na wewe huwezi. Wa kwako utafute mwenyewe, ukiupata uniletee, na mimi nitaupokea kwa mikono miwili."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Miaka yote alikosa mwisho kwa sababu hakutia kitu, na siku alipotia, alichotia kikauzuia. Yasmin anasema mama yake hakulia, aliinamisha kichwa kama mtu aliyepewa anachostahili, na njiani kurudi, wakiwa juu ya daraja, alitamka, "Nilikuwa nacho." Akarudia mara ya pili. Basi.

Kuanzia hapo hali yake ilishuka. Kila jioni alikuwa barazani, midomo inakwenda, anautafuta mwisho, na tuliokuwa tukipita tulidhani anasoma uradi. Jioni ya Jumapili, tarehe 11 Januari 2026, akiwa kitandani, alimwashiria Yasmin akae mbele yake, akaanza kisa tangu mwanzo, midomo tu, kaa, mdiria, mamba, hadi uwazini, na alipofika pale pa migongo aliinua kidole kimoja, kama alivyokuwa akifanya redioni kumwomba fundi mitambo asubiri. Yasmin akasubiri. Kidole kilikaa juu, kisha kikashuka juu ya shuka taratibu, macho yake yakielekea mlangoni, na hakutamka tena neno. Aliaga dunia Jumatatu, tarehe 12 Januari 2026, wakati wa sala ya alfajiri, hapa nyumbani kwake Bungu, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Ameacha mume, ndugu watatu, wajukuu wawili, na watoto watatu. Familia imeandika watatu kwa makusudi.

Jana jioni jirani walipoleta chakula cha msiba, Bi Zabibu, ambaye mjukuu wake alimleta kutoka Nyamwage na yuko ndani na akina mama, aliomba sahani moja ipakuliwe kando. Akaiweka mwenyewe pale mahali pake, akauliza kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia, "Kawa liko wapi?" Mudrick ndiye aliyekwenda kulitungua.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia Dar es Salaam na wale wa zahanati yetu, ambao hawakutudanganya, jirani wote wa Bungu mliobeba maji, kuni na aibu zetu, walimu wenzake na wanafunzi wake, wafanyakazi wa redio ambao mlikuja kumsalimia hata alipokuwa hawezi kuwajibu, dereva aliyempeleka Nyamwage akakataa nauli, Bi Zena aliyemwosha, Bwana Kheri aliyelala hapa barazani, na Bi Zabibu, ambaye kama kuna mtu bado ana neno naye, tunaomba alisamehe hapa hapa, maana marehemu hakuwa nalo.

Na kwa kuwa mmekusanyika wengi, wa mtoni na wa barabarani, familia inaomba jambo moja. Kama yuko hapa mtu anayejua lolote kuhusu Iddy Maneno, mrefu, mwenye kovu juu ya nyusi za jicho la kushoto, aliyeondoka na fulana ya kijani, tunamwomba kwa ajili ya huyu aliyelala mbele yetu. Hatutauliza nani, hatutauliza kwa nini, hatutauliza wewe ulijuaje. Ukitaka kusema bila kuonekana, sema bila kuonekana. Nyumba ni hii hii, mlango haujawahi kutiwa komeo tangu mwaka ule. Mwalimu aliwauliza watu wote visa vyao vimeanzia wapi, sisi tunauliza kimoja tu, kimeishia wapi, na tutakipokea hata kikiwa cha namna gani.

Inna lillahi wa inna ilayhi raajiun.

Pumzika sasa, Mama Iddy. Sahani tutaifunika sisi.